Dakika Ishirini

Mama, ulinifunza dakika kumi.
Hukuzipima kwa saa. Salamu Maria thelathini,
za pole pole, mwiko mkononi, na ukisema amina ya mwisho
unaipua, yai limekwisha kuwa gumu,
na kiini kimevaa ile pete ya kijani-kijivu
ambayo mimi, hadi naolewa,
nilidhani kuku ndiye anayeitia.

Huku El Alto sala zako zinaisha yai bado bichi.

Asubuhi ya kwanza ukweni niliteleka sita.
Maji yalichemka upesi, upesi mno,
yakafoka na kurukaruka kama mtu
anayegomba bila hoja,
nami nikafurahi: kumbe jiko la watu hawa ni kali!
Nikasali. Nikaipua. Nikamwambulia mama mkwe la kwanza.
Ute ukamchuruzika kiganjani,
ukaingia kwenye mkono wa sweta.

Bi Saturnina hakusema kitu.
Alichukua chumvi, akalinywa lile yai
kama mtu anywaye dawa aliyopewa na mgeni.
Wilmer akageukia dirisha
akahesabu milima, kana kwamba jana usiku
mmoja ungeweza kuhama.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Yangu mimi ilikuwa ya ute.

Siku ya pili nilijaribu dakika kumi na tatu.
Ya tatu nikakasirika, nikaacha sala,
nikafungulia gesi mpaka mwali ukalamba masikio ya sufuria.
Maji yakazidisha kelele.
Joto halikuongezeka hata chembe.

Ndipo alipokuja, sketi zake tano zikipangusa sakafu,
akapunguza moto nusu,
akasema kwa Kihispania ambacho Kiaymara
kinachungulia katika kila tundu:
"Binti wa bondeni, maji ya huku yana uongo.
Yanachemka kabla hayajawaka.
Usiyasikilize. Yakalie."

(Wilmer alinieleza baadaye mambo ya hewa,
kwamba huku juu ni nyepesi, haiyagandamizi maji,
akachora mishale kwenye karatasi ya mkate.
Nilielewa. Lakini nilikuwa nimeelewa tangu jikoni.)

Akanifunza na jingine:
yai lililotagwa leo halimenyeki,
linang'ang'ania ganda, unatoka na yai lenye ndui.
Liweke juma zima juu ya kabati.
Liache lichoke kidogo na nyumba yake.

Nililala usiku huo nikiwaza Trinidad,
kuku wetu chini ya sakafu ya mbao, mvua,
joto lile la kwetu ambalo hata ukiwa umelala
linakuiva.

Ukaja mwezi wa nane, mama,
mapafu yakikupigia filimbi kwenye ngazi,
shali mbili mabegani na bado unatetemeka.
Jumapili kulikuwa na mlo wa mtaa:
kila mwanamke na kitambaa chake chini,
viazi vyeusi vilivyokaushwa na baridi, jibini, maharage mapana,
na sisi tulidaiwa mayai ishirini.
Ukasema, nipisheni, hii ni kazi yangu.

Ukasimama jikoni, mwiko mkononi.
Salamu Maria ya kwanza. Ya kumi. Ya ishirini na tisa.
Ukaja na kitambaa kushika sufuria,
na Bi Saturnina, aliyekuwa akimenya vitunguu,
hakuinua kichwa. Alikugusa kifundo cha mkono tu.
"Tena," akasema.

Nilishika pumzi. Wewe hujawahi kuambiwa tena.

Mkaanza upya, thelathini nyingine,
wewe kwa lugha yako, yeye kwa yake,
hamkufika amina pamoja hata mara moja,
na mvuke ukaficha kioo na milima yote iliyohesabiwa.

Kisha ukapasua moja kwa kisu.
Njano tupu, kavu, ukingo hadi ukingo.
Ukaligeuza. Ukalisogeza kwenye mwanga.
Ukamtazama yeye, si mimi:
"Na pete yake," ukauliza, "mmeipeleka wapi?"